Taa Nyekundu ya Siku za Mawingu

Jumatatu, 15 Septemba

Muhula wa tatu umeanza. Mwalimu wa fizikia anasema anayetaka kuelewa kitu akiandike kila siku, hata siku isiyo na la kuandika. Basi naanza. Naitwa Viviane, niko kidato cha tatu, naishi hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, na tantine Pascaline, dada mdogo wa baba. Tantine anaendesha mitambo ya maji kando ya ziwa. Maji yanavutwa, yanachujwa, yanatiwa klorini, ambayo watu wote huku wanaiita dawa, kisha yanakwenda kwenye mabomba ya vijiji. Nikitoka shule nampelekea chakula.

Leo Papa Rugamba, mlinzi, alinionyesha nyaya mbili nyembamba ndani ya boksi lililopigiliwa kwenye ukuta wa kibanda chake. Ni nyaya za kipimo cha tangi.

"Viviane, weye wa masomo. Hizi zinaweza kuua mutu?"

"Hapana, Papa. Ni volti ishirini na nne tu."

"Kumbe!" akasema, akanipa karanga.

Nilifurahi njia nzima. Si kila siku mtu mzima ananiuliza kitu.

Ijumaa, 19 Septemba

Mvua ya kwanza. Leo kulitokea jambo kwenye mitambo na sijalielewa.

Katika kabati la chuma mna kompyuta isiyo na kibodi, na ubavuni mwake vimepangwa visanduku vyembamba vinavyoitwa moduli. Moduli moja kazi yake ni kuigeuza namba ya kompyuta kuwa umeme mdogo sana, miliampea nne hadi ishirini. Umeme huo ndio unaoiambia pampu ya dawa iende polepole au haraka. Leo taa ya moduli hiyo ilikuwa nyekundu na pampu ya dawa imesimama kimya. Lakini skrini iliendelea kusema asilimia sitini. Tantine akaandika sitini kitabuni, maana ndivyo alivyofundishwa: andika kinachosema skrini.

Baada ya saa mbili taa ikarudi kijani yenyewe. Hatukugusa kitu.

Jumatatu, 22 Septemba

Jua. Taa kijani.

Jumatano, 24 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Taa nyekundu tangu saa nne. Wamama kama kumi walikuwa wamejibanza kwenye kibanda cha Papa Rugamba, wanakinga mvua.

Jumapili, 28 Septemba

Baada ya ibada, bwana Onesphore, mwenyekiti wa kamati ya maji, alisimama kutoa tangazo. Ana vidonge anavyotia kwenye maji ya bomba. Maji yakigeuka rangi ya waridi, dawa imo. Yakibaki meupe, hamna. Alisema mara mbili wiki hizi yamebaki meupe, nazo siku hizo kitabu cha mitambo kinasema dawa ilitiwa asilimia sitini.

"Bandugu," akasema, "mashini haina mudomo ya kusema uwongo. Kitabu, kinaandikwa na mutu."

Watu wakamgeukia tantine. Mwezi wa saba tantine alisema mbele ya kwaya nzima kwamba chai yetu inanuka hopitali kwa sababu ya dawa. Kila mtu alicheka siku ile. Leo hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 2 Oktoba

Fundi amekuja kutoka Mbarara. Nilitazamia mwanamume. Ni mwanamke mrefu mwenye buti za mpira, anaitwa Mbabazi, na Kiswahili chake alijifunza kwa baba yake aliyekuwa askari, kwa hiyo kila anachosema ni kama amri. Barabara ya Kabingo ilikuwa matope wiki nzima, akangoja mpaka ikauke.

Jua kali. Taa kijani. Alipima, akapima tena. Kompyuta ikiagiza asilimia sitini, miliampea kumi na tatu na nukta sita zinatoka, sawasawa na hesabu.

"Nyabo," akamwambia tantine, "hii kitu iko mzima. Mgonjwa yako anapona kama anaona daktari."

"Njo vile inafanya! Ukienda tu, inaanza."

Mbabazi akaona nimeshika kitabu cha maelezo cha moduli. Ni cha Kiingereza, na tantine alisomea Kifaransa, kwa hiyo mimi ndiye ninayesoma. Akaniuliza ukurasa wa taa nyekundu unasema nini. Nikamwonyesha kwa kidole: waya umekatika, nyaya zimegusana, mzigo ni mkubwa, umeme wa kulisha ni mdogo, moduli imekufa.

"Sasa wewe unaandika," akasema. "Kila siku. Taa gani, saa ngapi, mvua au hapana. Mimi nafikiri ni maji naingia kwa maboksi."

Akabadilisha mipira ya kuzibia maboksi yote ya nje, hata lile la kwenye kibanda.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua. Nyekundu. Mipira mipya haikusaidia.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua. Nyekundu. Tantine hakula.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tumekwenda Mbarara, mimi na tantine, na moduli ndani ya kitambaa chake cha kanisani, juu ya mapaja yake, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Papa Rugamba alibaki akitia dawa kwa kikombe, kama mwongozo wa dharura unavyosema.

Karakana ya Mbabazi iko nyuma ya duka la matairi. Alifunga moduli juu ya meza, akaunganisha nyaya. Kijani. Akaagiza nne, ikatoa nne. Akaagiza ishirini, ikatoa ishirini. Akaipasha moto kwa kikaushio cha nywele, akaifunika kitambaa chenye maji. Kijani, kijani.

"Banange," akasema. "Hii moduli ni Mlokole. Hakuna dhambi."

Tantine hakucheka. Alisema polepole, "Kama yeye hana zambi, batasema ni miye niko nayo."

Njiani tulikula samosa. Sielewi kitu kinawezaje kuwa kizima Mbarara na kigonjwa Nakivale.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mbabazi ameleta moduli mpya kabisa. Jua. Kijani. Ametuachia mita yake ya zamani ili nisome miliampea mwenyewe.

Jumanne, 21 Oktoba

Mawingu, halafu mvua. Nyekundu. Moduli mpya!

Bwana Onesphore alikuja na vidonge vyake mwenyewe, mvua ikimchuruzika kofiani. Maji meupe. Akafunua pipa la dawa, akapima kwa kijiti: karibu limejaa, wakati kwa hesabu ya kitabu lilipaswa kuwa nusu.

"Dada Pascaline, dawa iko mu pipa. Kitabu kinasema iko mu maji. Niamini nini?"

"Uamini taa, kaka. Angalia, ni nyekundu."

"Taa nyekundu mimi sijui kusoma."

Mkutano wa kamati ni tarehe 15 Novemba. Siku hiyo wataamua kama tantine anaacha kazi. Wengi wanasema anafunga dawa kwa mkono ili kuwapendeza wanaochukia harufu yake.

Jumatano, 22 Oktoba

Lazima niandike hili, kwa sababu nilijiahidi kuandika ninachokiona.

Leo nilifika mapema kuliko kawaida, mvua ikinyesha, taa nyekundu. Tantine hakunisikia. Alikuwa ameinama kwenye bomba la dawa na mkono wake ulikuwa juu ya robine, koki ya kufungia bomba. Juu ya robine kabisa, vidole vimeishika. Nilisimama mlangoni. Aliponiona akautoa mkono haraka, akauliza kama nimeleta ugali.

Moduli ni nzima. Mbabazi amesema. Moduli ya pili ni nzima pia. Nyaya ni nzima. Kitu gani kimebaki? Nimepanga sababu zote kama tunavyofundishwa, nimefuta moja moja, na mwisho wa orodha amebaki tantine. Nafikiri ni yeye anayefunga. Pengine taa inawaka nyekundu kwa sababu hiyo. Sijui kama inawezekana, kitabu hakisemi.

Ni yeye aliyenipokea Kabazana, kwenye kituo cha wanaofika wapya, nilipofika peke yangu, akagawana nami godoro lake. Nimeandika hayo hapo juu, na sifuti.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nyekundu. Sikumtazama usoni.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimeharibu mita. Nilitaka kusoma miliampea. Badala ya kuukata waya na kuiingiza mita katikati, ili umeme upite ndani yake, nilishika skrubu mbili za umeme wa kulisha kwa vidole vya mita, kama mtu anayepima volti, na mita ikiwa kwenye ampea. Ilitoa tiki ndogo. Fyuzi imeungua. Mwalimu alitufundisha jambo hilo wiki iliyopita na mimi ndiye niliyelijibu darasani!

Nilimpigia Mbabazi kwa simu ya tantine. Nilitazamia matusi.

"Hata mimi nilichoma tatu," akasema. "Volti bado nasoma?"

Nikajaribu. Zinasomeka.

"Kale, sawa. Basi soma volti. Ni kitu iko."

Alhamisi, 30 Oktoba

Jua. Kijani. Volti 24.1.

Ijumaa, 31 Oktoba

Jua. Kijani. Volti 24.1. Inachosha.

Jumatatu, 3 Novemba

Mawingu mazito kutwa, lakini halikudondoka hata tone. Taa nyekundu saa tano. Volti 16.8!

Nilipima mara tisa. Kitabu kinasema umeme wa kulisha ukishuka chini ya 19.2 moduli inafunga njia zake yenyewe. Kwa hiyo haikuwa moduli. Moduli ilikuwa na njaa. Na robine haiwezi kupunguza volti, hilo najua hakika. Robine ni ya maji, volti ni za waya.

Basi si tantine.

Nilikwenda nyuma ya tangi nikalia kidogo. Halafu nikaona kitu cha pili: leo hakukuwa na mvua. Tumekausha maboksi bure.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua kubwa alfajiri hadi saa moja, kisha jua kali. Ardhi yote maji. Taa kijani kutwa. Volti 24.1.

Kwa hiyo mvua haina kosa. Ni mawingu. Lakini mawingu yanagusaje waya? Mitambo yetu haitumii sola, umeme wake ni wa laini kutoka Kabingo. Nimeuliza mwalimu. Alifikiri sana, akasema, "Viviane, pumzika."

Ijumaa, 7 Novemba

Mawingu. Nilikuwa nakwenda mitamboni nikapita kwenye duka la Musoni, anayechaji simu za watu kwa paneli za sola. Mlango ulikuwa umefungwa, na kwenye kikaratasi ameandika: LEO HAKUNA JUA, HAKUNA CHAJI. Nimekisoma kikaratasi hicho mara nyingi. Leo nilisimama mbele yake mpaka mtu mmoja akaniuliza kama naumwa.

Nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Papa Rugamba. Wamama walikuwa pale, kama siku zote za namna hii, na hakukuwa na mvua ya kukinga. Ndani, juu ya kitanda chake, kulikuwa na sanduku la sabuni limejaa simu. Nilihesabu kumi na saba. Kila moja na waya wake, nyaya zikaingia kwenye vichaji vidogo vya gari vilivyofungwa pamoja kwa utepe mweusi, na kutoka hapo waya mbili nyembamba zikapita kwenye tundu la ukuta hadi ndani ya boksi la kipimo cha tangi.

"Papa," nikasema. "Hii imeanza lini?"

"Tangu mvua ya kwanza. Siombi mutu kitu, ni musaada tu. Bengine bako na bamama yabo kule Fizi, mu Congo, banangoja kusikia kama bangali bazima. Simu ikikufa, utawauliza nani?" Akatabasamu. "Jua ikiwaka ninafungua, ninaweka fasi yake vizuri. Fundi hata hajaona."

Kweli hakuona. Mbabazi hafiki mpaka barabara ikauke, na barabara ikikauka, jua lipo, Musoni anachaji, sanduku la sabuni ni tupu.

"Papa, ni hizi simu. Zinakula umeme wa moduli, maana kipimo na moduli vinalishwa pamoja. Dawa inasimama."

Uso wake ukabadilika. "Lakini ni weye uliniambia. Ishirini na nne, haiue mutu."

Alisema bila hasira. Alisema kama anayemrudishia mtu kitu alichokisahau.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemwambia tantine. Alikaa juu ya ndoo. Halafu akasema, "Simu yangu iko mule mu sanduku. Tangu mwezi wa kumi." Hakuwahi kuuliza waya unakotoka. Alidhani ni betri.

Tumemwambia Papa Rugamba afungue nyaya. Amefungua. Aliniuliza kama atafukuzwa.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua na mawingu. Kijani. Volti 24.0. Wamama wanapita bila kunisalimu.

Ijumaa, 14 Novemba

Kesho ni mkutano. Mbabazi amefika tayari, atalala Kabingo. Anasema tutawaonyesha kwa macho: chomeka simu, taa nyekundu, chomoa, kijani. Lakini anasema bwana Onesphore atauliza, sawa, hiyo ni leo, je, siku zile nyingine? Ushahidi wa siku zile ni daftari hili. Tarehe, taa, mawingu, vyote vimo.

Na tarehe 22 Oktoba imo.

Nimeushika ukurasa huo kwa vidole viwili. Ungetoka bila sauti. Lakini kurasa zimeshonwa mbili mbili, ukurasa mwenzake ungelegea, na mtu anayeshuku vitabu vya nyumba yetu angeuliza palikuwa na nini. Wangesema Pascaline anaandika uwongo na mtoto wake anachana ukweli.

Nimeuacha.

Jumamosi, 15 Novemba

Kamati nzima ilisimama mbele ya kabati, na watu wengine nje. Jua lilikuwa linawaka. Tantine alivaa kitenge chake cha Pasaka. Mbabazi akanisukuma mbele. "Mwongeaji ni huyu."

Nilisema kwa sauti ambayo mtu mmoja alilalamika haisikiki. Nikasema tena. Nikawaomba simu zao. Wakatazamana.

"Simu ya nini?" bwana Onesphore akauliza.

"Ya kuonyesha, Papa."

Mama mmoja wa kwaya akacheka. "Utoe, président! Ulikuwa unaitoa kwa Rugamba kila mvua, leo unaogopa?"

Watu wakapiga kelele. Bwana Onesphore alitoa simu yake taratibu, kama anayetoa sadaka akitazamwa. Ilikuwa na kifuniko chekundu. Nilikumbuka kuiona ndani ya sanduku la sabuni.

Papa Rugamba mwenyewe ndiye aliyeziunganisha, moja moja. Simu ya kumi, kijani. Mbabazi akasoma mita kwa sauti kama mwamuzi: ishirini na mbili. Simu ya kumi na tatu, ishirini. Ya kumi na tano, kumi na nane. Taa ikawa nyekundu, pampu ya dawa ikanyamaza, na skrini, mbele ya macho yao wote, ikaendelea kusema sitini.

Papa Rugamba akachomoa. Ishirini na nne. Kijani. Pampu ikaanza tena, tak, tak, tak.

"Hiyo ni leo," akasema bwana Onesphore. "Je, siku zile?"

Nikampa daftari. Akatoa la kwake, lenye tarehe za maji meupe, akaanza kulinganisha kwa sauti. Tarehe 19 Septemba, nyekundu, meupe. Tarehe 24, nyekundu, meupe. Tarehe 6, 7, 21 Oktoba. Kila moja ilikubali. Nilitazama sakafu. Alipofika tarehe 22 alianza kusoma kama alivyosoma nyingine, na alikuwa ameshasoma "mkono wake ulikuwa juu ya robine" kabla hajaelewa anasoma nini. Akasimama. Mtu wa nyuma akasema, "Soma!" Akasoma mpaka mwisho. Akasoma "nafikiri ni yeye anayefunga." Akasoma na habari ya godoro.

Sikuweza kumtazama tantine. Nilisikia pampu tu.

Bwana Onesphore alifunga daftari. "Mutoto mwenye anaandika hivi juu ya mama yake," akasema, "haandike uwongo fasi ingine." Akampa tantine mkono. Tantine akaupokea.

Tantine anabaki kazini. Papa Rugamba amepewa barua ya onyo, na boksi lake kufuli. Kabla hawajaondoka nilisema kwamba ni mimi niliyemwambia nyaya zile hazina hatari. Sijui nani alisikia, watu walikuwa wanagombania simu zao.

Tulirudi nyumbani. Tantine alitembea mbele.

Jumapili, 16 Novemba

Aliimba kwenye kwaya. Hakunisemesha.

Jumatatu, 17 Novemba

Mawingu. Kijani. 24.1. Papa Rugamba alinisalimu vizuri. Hajaniuliza kitu tena.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua. Nilipeleka ugali na dagaa. Tantine aliniita kwenye bomba la dawa, akachukua mkono wangu, akauweka juu ya robine, vidole vyangu vikaishika kama vyake siku ile.

"Unasikia?"

Chuma kilikuwa kinagonga kidogo kidogo ndani ya kiganja, kama mshipa.

"Pampu ikitembea, inapiga hivi. Ile siku nilikuwa ninatafuta kama iko hai. Skrini inasema sitini, taa inasema hapana, nikasema acha niulize bomba." Mkono wake ulikuwa bado juu ya wangu. "Na weye, juu ya nini haukuniuliza?"

"Niliogopa, tantine."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utasema ndiyo."

Halafu akasema ugali unapoa.

Kitabu chake cha mitambo sasa kina safu mbili mpya amezichora kwa rula. Moja ni ya volti. Nyingine juu yake ameandika MKONO, na chini yake, kwa kila saa, anaandika ndiyo au hapana. Leo alipokwenda kunawa, saa tisa ilikuwa bado haijajazwa. Akapaza sauti toka nje:

"Viviane! Shika bomba, uandike."

Nimeshika. Nimeandika ndiyo.